Mtoto wa mume wangu amesoma riwaya yangu, sasa haniiti kwa jina lolote

*Barua hii imefupishwa kidogo, na mambo machache yamebadilishwa ili kumstiri aliyeiandika.*

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika mara tatu na kuifuta. Leo naituma kabla aibu haijanirudia.

Nina miaka 33. Miaka mitatu iliyopita niliolewa na mwanamume aliyefiwa na mkewe, nikamkuta na binti mmoja. Mama yake alifariki binti akiwa na miaka 5, sasa ana miaka 12. Ni mtoto mkimya, anapenda kusoma, ana macho yasiyopitwa na kitu. Ananiita Anti, au niseme alikuwa akiniita Anti. Mwaka jana alishikwa na homa kali usiku, nikakesha naye, na katika kuweweseka kwake akaniita mama. Kulipokucha sote wawili tulijifanya hatukusikia. Mimi nilisikia, Shangazi, na hadi leo nalisikia.

Sasa nije kwenye shida yenyewe. Mimi ni mpenzi wa riwaya zile zinazozichukua hadithi za kale za watoto na kuzisimulia upya kwa watu wazima: Cinderella, Rapunzel, Snow White, yule binti wa kofia nyekundu na mbwa mwitu. Ni fantasia, lakini fantasia ya giza. Humo mna damu, mna uchawi wa kulipiza kisasi, mna mahaba yasiyosomeka mbele za watu, na mara nyingi anayesimulia ni yule tuliyefundishwa tangu utotoni kumchukia.

Nilianza kuzisoma mwaka wa kwanza wa ndoa. Wakati ule kila mgeni aliyekuja alikuwa akimvuta binti pembeni na kumuuliza, "Anakulisha vizuri?" Mimi niko jikoni nasikia. Rafiki yangu akaniazima riwaya ambayo mwenye kuzungumza ni malkia wa hadithi ya Snow White, yule mama wa kambo anayempa binti wa mumewe tufaha lenye sumu. Anaeleza alivyoingia katika nyumba yenye picha ya marehemu ukutani na mtoto anayemtazama kama mwizi. Niliisoma hadi alfajiri, machozi yananitoka. Si kwamba malkia yule alikuwa mtu mwema. Alikuwa muuaji. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunisimulia nyumba yangu kwa usahihi ule.

Sasa ninazo kama 40. Na nina mazoea ya kusoma nikiwa na penseli. Palipogusa moyo napiga mstari.

Wiki tano zilizopita nilirudi nyumbani nikamkuta binti amekaa kitandani kwetu na kitabu changu kimoja mkononi. Kilikuwa kimefunguka penye ukurasa ambao mama wa kambo anakiri kwamba amechoka kuishi na uso wa marehemu unaokua siku hadi siku mbele ya macho yake. Chini ya maneno hayo nilikuwa nimepiga mistari miwili. Pembeni nimeandika kwa mwandiko wangu: *kweli*.

Binti alinitazama. Akakifunga kitabu, akakirudisha kilipokuwa, akanipita mlangoni bila neno.

Tangu siku hiyo haniiti Anti tena. Haniiti chochote. Akiwa na haja na mimi husema tu "samahani" na kusubiri nigeuke. Wiki iliyopita nilikata tufaha, nikaliweka kwenye sahani mbele yake. Akalitazama, kisha akanitazama mimi, akasema, "Kula wewe kwanza." Nilihisi kama nimepigwa kofi. Nikaenda jikoni kujificha. Niliporudi sahani ilikuwa tupu na yeye yuko chumbani kwake.

Mume wangu naye aliusoma ukurasa ule. Sijui kama binti alimwonyesha au aliuona mwenyewe. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliniuliza, "Mtu mzima mwenye akili timamu anatafuta nini katika mambo haya?" Kisha akasema mwisho wa mwezi hataki kuona hata kimoja ndani ya nyumba yake. Alisema nyumba *yake*.

Sikubishana. Vitabu nimevitia kwenye sanduku, nikalisukuma chini ya kitanda. Sasa nasoma kwenye simu, bafuni, bomba likiwa linatiririka ili wadhani naoga. Najiona kama mtu mwenye hawara.

Dada yangu anasema nivichome vyote, nimwombe mume wangu radhi, yaishe. Rafiki yangu anasema vitabu ni vyangu na hakuna wa kunipangia nisome nini. Wote wawili nawaelewa, na wote wawili wananiacha na swali lilelile. Siku nyingine namchoka mtoto huyu, Shangazi. Sijawahi kumwinulia mkono wala kumnyima kitu. Lakini namchoka, na kila anavyozidi kufanana na mama yake kuna kitu kinanichoma. Nikisoma habari za malkia anayemchukia binti wa mumewe, kuna sehemu ya moyo wangu inayoitikia. Je, vitabu hivi ndivyo vinavyoniharibu, au vimefunua tu kilichokuwamo?

Wako,
Mama wa Kambo

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli kama wewe. Nilipopiga mstari si penye damu wala uchawi. Ni pale ulipoandika "na hadi leo nalisikia". Mtu aliyechukia mtoto halitunzi neno moja la homa kwa mwaka mzima. Nalisema hili mapema kwa sababu umeniuliza kama wewe ni mtu mbaya, na ningependa uendelee kusoma ukiwa umekaa vizuri.

Unaandika kana kwamba shida ni moja, yaani vitabu. Mimi naona mafundo zaidi ya moja katika kamba hiyo. Kuna unachosoma. Kuna alichokiona mtoto, ambacho si kitu kilekile. Kuna mume wako na mwisho wake wa mwezi. Na nyuma ya yote kuna mama aliyekufa, ambaye katika barua yako nzima hakuna anayezungumza naye wala kumzungumzia, ila wageni kwa kunong'ona.

Niruhusu nianze mbali kidogo. Wewe ni msomaji wa hadithi hizi, pengine hili unalijua na umelisahau. Ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipotoa mkusanyo wao wa kwanza wa ngano mwaka 1812, malkia anayetaka Snow White auawe hakuwa mama wa kambo. Alikuwa mama yake mzazi. Ni yuleyule aliyejichoma sindano dirishani, akaona damu juu ya theluji na kutamani mtoto. Akampata, mtoto akakua, kioo cha uchawi kikasema binti amempita mama kwa uzuri, na mama huyohuyo akamtuma mwindaji amletee maini na mapafu. Katika toleo la mwaka 1819 kalamu ilipita hapo. Mama mzazi akafa kwenye mistari ya mwanzo, na mwanamke mwingine akaingizwa nyumbani abebe ubaya wote. Hansel na Gretel nao hivyohivyo. Mwanzoni aliyeshauri watoto watupwe msituni ni mama yao, na kufikia toleo la 1840 amekuwa mama wa kambo.

Watafiti wanatoa sababu mbalimbali. Wilhelm aliendelea kukipiga pasi kitabu chake hadi toleo la saba mwaka 1857, na kadiri wazazi walivyokinunua kwa ajili ya watoto ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kumwacha mama mzazi akiwa muuaji. Isitoshe, enzi hizo wanawake wengi walikufa kwa uzazi, kwa hiyo mama wa kambo hakuwa kiumbe wa mbali. Alikuwa jirani. Alikuwepo tayari wa kutwikwa.

Sikuambii haya ili kukupa darasa. Nakuambia kwa sababu ya lile neno ulilolinong'ona mwishoni mwa barua, *namchoka*. Umelisema kama siri ya mama wa kambo. Nimejibu barua nyingi, mwanangu, na wanaoniandikia kwamba wamewachoka watoto wao wengi ni waliowazaa. Huandika neno hilohilo, kwa aibu hiyohiyo. Tofauti yao na wewe ni kwamba wao wakilisema hakuna mgeni atakayemvuta mtoto pembeni. Uchovu ule ulikuwa wa mama yeyote kabla haujahamishiwa kwako kwa kalamu. Ulipoandika "kweli" pembeni mwa ukurasa, je, una hakika ulikuwa unakiri chuki? Au ulikuwa mtu aliyechoka, ambaye kwa mara ya kwanza alipata ruhusa ya kuchoka?

Swali hilo sikujibii, ni lako. Na sitaki likupumbaze pia. Ikiwa uchovu huo umewahi kugeuka picha za kumdhuru mtoto, picha zinazorudi hata ukizifukuza, au ikiwa hulali, huli, na unajiona huna thamani, usisubiri majibu ya gazeti. Mtafute daktari au mshauri wa ana kwa ana, tena wiki hii. Katika barua yako sijaona dalili hiyo, lakini mimi naona karatasi tu.

Mume wako ameuliza mtu mzima anatafuta nini humo. Ni swali la haki, hata kama liliulizwa kwa sauti ya hukumu. Hadithi hizi zilikuwa za watu wazima kabla hazijapelekwa chumba cha watoto. Giza halikuongezwa na waandishi wa leo. Muitaliano Giambattista Basile, ambaye kitabu chake kilianza kuchapishwa mwaka 1634, ana binti aliyelala usingizi wa uchawi, mfalme akamkuta, akamwingilia akiwa hajitambui, na binti akazaa mapacha bado amelala. Mbwa mwitu wa Mfaransa Charles Perrault, mwaka 1697, anamla binti wa kofia nyekundu na hadithi inaishia hapo, hakuna mwindaji wa kumtoa tumboni. Rapunzel wa 1812, binti aliyefungiwa mnarani, anamuuliza yule bibi aliyemfungia kwa nini nguo zinambana, na msomaji mzima anajua mara moja kwamba ana mimba. Na malkia wa Snow White anavishwa viatu vya chuma vilivyopashwa moto, anacheza ngoma harusini hadi anakufa. Kwa hiyo anayesoma riwaya za giza za namna hii hajapotea njia. Amerudi tu kwenye chumba ambamo hadithi zilianzia.

Hata hivyo nikuulize jambo. Na mimi nimesoma kadhaa za aina hii. Nyingine ni nzuri sana. Nyingine zinamwaga damu kwa sababu damu inauza, na moja niliitupa katikati kwa sababu mwanamume alikuwa akimtesa msichana na mwandishi akataka niite mapenzi. Hizo 40 zako si kitu kimoja. Ni zipi unazirudia? Ukizifunga, unatoka mwepesi au unatoka mgumu? Na katika hizo ambazo malkia ndiye msimulizi, yule binti ni nani? Nimeona mara nyingi kwamba mwandishi akimsafisha mama wa kambo, uchafu unahamia kwa mtoto. Anakuwa mjanja, anakuwa mdekezwa, anakuwa na urembo unaochosha. Lawama haijaondoka, imebadilisha kiti tu. Umesikiliza malkia wengi mno. Ni sauti ngapi za binti uliyekuwa na shida ya kumwelewa ulizozisikia kwa uvumilivu uleule? Sisemi uache. Nauliza rafu yako imeelemea upande gani.

Sasa tumfikie mtoto.

Unaamini anakuogopa kwa sababu ya kitabu. Mimi nadhani kitabu kingesameheka. Ana miaka 12, anasoma, anajua kwamba watu wa hadithini si watu wa nyumbani. Kilichomfika ni mwandiko. Mistari miwili ya penseli na neno moja ambalo analijua ni lako, kwa sababu huenda ni mwandiko uleule unaomwandikia karatasi za shule. Maneno ya riwaya ni ya mgeni. *Kweli* ni lako. Jiweke katika nafasi yake unapousoma ukurasa ule: uso wangu unamchosha. Na ni uso upi? Ni ule ambao kila anapotazama kioo unazidi kuwa wa mama yake. Kwa mtoto aliyefiwa akiwa na miaka 5, ambaye pengine sauti ya mama haikumbuki tena, huo uso ndio urithi wake. Huenda anafurahi kuuona unakuja.

Ndiyo maana ushauri wa dada yako na wa rafiki yako vyote vinapita pembeni, ingawa kila mmoja ana hoja. Ukivichoma vitabu, neno lile haliungui, limeshasomwa. Na unaweza kumfundisha mtoto jambo ambalo hukukusudia, kwamba kilichoandikwa kilikuwa hatari kiasi cha kuchomwa, yaani kilikuwa kweli sana. Ukishikilia haki yako ya kusoma, haki unayo, lakini mtoto hakukuuliza habari za haki.

Kuhusu tufaha. Hapa nataka twende polepole, kwa sababu wewe ulikimbilia jikoni.

Ulisikia "Kula wewe kwanza" ukasikia "Nadhani umeniwekea sumu". Inawezekana. Lakini kumbuka hadithi ilivyo. Malkia anapokuja mara ya tatu, amejigeuza mwanamke wa shamba, Snow White anakataa tufaha. Malkia analikata vipande viwili, anakula mwenyewe ule upande mweupe, na anampa binti upande mwekundu, ambao ndio pekee uliotiwa sumu. Katika hadithi, anayekula kwanza ndiye muuaji! Mtoto anayesoma kama wako hakosi kulijua hilo. Kwa hiyo alipokuambia ule kwanza, hakuwa anaomba uthibitisho, maana anajua haithibitishi chochote. Ilikuwa nini basi? Huenda ilikuwa hofu ya kweli. Huenda ulikuwa utani mchungu wa mtoto aliyeumia. Huenda alikuwa anakupima kama utaelewa, maana katika nyumba ile ni nyinyi wawili tu mnaozijua hadithi hizi kiasi hicho. Inawezekana pia ulikuwa mlango, umefunguliwa kidole kimoja tu, kuona utaingia au utaondoka. Sijui ni lipi. Na wewe hujui, kwa sababu hukubaki.

Je, uzungumze naye? Nadhani wiki tano ni ndefu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na wa umri huo mshindo wake huja pasipotarajiwa. Lakini kuna namna mbili za kuzungumza ambazo ningeziogopa. Ya kwanza ni kumwambia "ile ilikuwa hadithi tu". Anajua si hadithi tu, utakuwa umemwongopea mtu aliyeona ushahidi. Ya pili ni kummwagia moyo wako wote, wageni, picha ukutani, upweke wa mwaka wa kwanza. Huo ni mzigo wa mtu mzima, usimbebeshe mtoto ili wewe upumue. Katikati ya hayo kuna maneno machache ambayo yanaweza kusemwa hata mkiwa mnaanika nguo. Kwamba uliona alichosoma. Kwamba uliliandika siku uliyokuwa umechoka na ulikuwa unajizungumzia wewe. Kwamba uso wake si kosa, na unajua ni wa nani, na hutaki aufiche. Maneno utayatafuta mwenyewe, yangu yatanukia gazeti.

Hatari ipo. Anaweza kunyamaza na kukuacha umesimama. Anaweza kukujibu lile ambalo kila mama wa kambo analisubiri, kwamba wewe si mama yake. Jiulize kabla hujaanza kama utaweza kulisikia na kubaki chumbani. Na fikiria pia uwezekano ambao huenda hukuufikiria, kwamba si kimya chake chote kilichoanzia kwenye kitabu. Mwanasaikolojia Bruno Bettelheim aliandika mwaka 1976 kwamba mama wa kambo wa ngano humsaidia mtoto kumgawa mama yake, amkasirikie mbaya na kumhifadhi mzuri bila doa. Nadharia zake zimepingwa na wengi, nami siimezi nzima. Lakini kwa mtoto ambaye mama mzuri yuko ndani ya fremu, hachoki, hakasiriki, hazeeki, kumwita mwanamke mwingine mama, hata kwa homa, kunaweza kumtisha kuliko riwaya yoyote. Na yeye alijisikia asubuhi ile. Pengine tangu hapo alikuwa anatafuta sababu ya kurudi nyuma hatua moja, na wewe ukamwandikia.

Kuna jambo la kawaida kabisa ambalo nisilipite. Riwaya hizo zina mahaba ya watu wazima, na hujui alisoma kurasa ngapi. Hilo nalo linahitaji kuulizwa kwa upole, bila kumtia hatiani kwa kupenda kusoma. Kuweka vitabu mahali asipofika mtoto si sawa na kuvificha kwa mumeo, ingawa sasa hivi sanduku moja linafanya kazi zote mbili. Ndugu Grimm wenyewe walilaumiwa mapema kwamba kitabu chao hakifai watoto. Hadithi moja ya watoto waliocheza mchezo wa kuchinjana waliiondoa, na mwaka 1825 wakatoa kitabu kidogo cha hadithi 50 tu kwa ajili ya wadogo. Rafu mbili katika nyumba moja ni suluhisho la zamani sana.

Mume wako nimemwacha mwisho, si kwa sababu ni mdogo katika habari hii. Neno "nyumba yake" lilikuuma, na lingemuuma yeyote. Lakini msome na yeye kama unavyomsoma malkia. Ni mwanamume aliyemzika mke, akakaa na mtoto, kisha akamfungulia mlango mwanamke mwingine akiomba Mungu awe hajakosea. Halafu akaona *kweli*. Pengine ile haikuwa hasira ya vitabu. Je, anajua wageni walikuwa wakimuuliza nini mwanawe? Ulimwambia? Barua yako inasema ulikuwa jikoni ukisikia, haisemi kama uliwahi kutoka jikoni ukamwambia mtu.

Ukimtii na kuviondoa vyote, huenda ukapata utulivu, na pengine kwa sasa utulivu ndio unaouhitaji. Ila bomba linalotiririka linaniambia hutaacha, utahama tu, na siri ndiyo itakayomfanya aamini alikuwa sahihi. Ukimkatalia, huenda ukashinda mabishano na kupoteza usikivu wake wakati unaouhitaji kuliko wakati wowote. Njia nyingine ni kumwomba akisome kimoja, kizima, siyo ukurasa. Ile ya kwanza, iliyokuliza hadi alfajiri. Anaweza kukataa. Anaweza kuisoma na kukutana na ukurasa mbaya kuliko ule. Au anaweza kuona nyumba yake mwenyewe humo, kama ulivyoiona wewe, pamoja na picha iliyo ukutani ambayo nashuku hamjawahi kuizungumzia nyote watatu mkiwa mmekaa. Kama kuna mshauri wa familia mnayeweza kumfikia, huenda msiba huo ukawa ndio pa kuanzia, kabla ya vitabu.

Mwanangu, sikuambii uchague lipi. Wewe ndiye unayewajua wale wawili kwa sura, mimi nawajua kwa mwandiko wako.

Ila kuna kitu kimoja kimenikaa tangu nilipoisoma barua yako. Uliporudi kutoka jikoni, sahani ilikuwa tupu. Umeliandika kama jambo dogo, ukapita. Je, ulitazama kwenye ndoo ya taka? Kama hukutazama, muulize. Muulize kwa upole, hata kwa utani kama moyo utaruhusu, alikula upande upi. Kisha niandikie.

Shangazi